Jay Miner

Jay Glenn Miner (31 Mei 1932 – 20 Juni 1994) alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kuongoza usanifu wa chipu za mashine ya michezo ya Atari 2600, za kompyuta za nyumbani Atari 400 na Atari 800, na za kompyuta ya Amiga. Wapenzi wa kompyuta za zamani humwita baba wa Amiga.

Hakuwa mfanyabiashara mashuhuri kama Steve Jobs au Clive Sinclair, na nje ya kundi la watu wanaokusanya na kutengeneza kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 jina lake halisikiki sana. Ndani ya kundi hilo hali ni tofauti. Mashine zake tatu ni kati ya zinazotafutwa na kutengenezwa zaidi, na sababu moja ni ya kiufundi. Miner alizoea kuiondolea prosesa kuu mzigo wa picha na sauti na kuukabidhi kwa chipu maalumu alizozibuni yeye na wenzake. Chipu hizo hazikuuzwa rejareja madukani. Moja ikifa, mashine nzima imekufa mpaka ipatikane nyingine.

Ujana na elimu

Miner alizaliwa mjini Prescott katika jimbo la Arizona. Familia yake ilihamia kusini mwa California angali mdogo, na huko ndiko alikokulia. Baada ya shule ya sekondari alijiunga na Walinzi wa Pwani wa Marekani, akapelekwa Groton, Connecticut, kwa mafunzo. Hapo ndipo elektroniki ilipoanza kuwa kazi yake. Alitumika kwa miaka kadhaa kama mwendeshaji wa redio katika doria ya hali ya hewa ya Atlantiki ya Kaskazini. Wakati huo meli zilikaa baharini wiki nyingi zikipima upepo na mawimbi na kutuma taarifa kwa ndege zinazovuka bahari.

Mwaka 1952 alimuoa Caroline Poplawski, waliyeishi pamoja hadi mwisho wa maisha yake. Alipotoka jeshini aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akahitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950.

Alihitimu wakati mzuri. Transista zilikuwa zikichukua nafasi ya vali za kioo, na miaka michache baadaye wahandisi walijifunza kuweka transista nyingi juu ya kipande kimoja cha silikoni. Eneo la kusini mwa San Francisco, ambalo baadaye liliitwa Bonde la Silikoni, lilijaa makampuni madogo yaliyoanzishwa, kuuzwa na kufungwa kwa kasi. Miner alipita katika kadhaa kati ya hayo, yakiwemo General Microelectronics, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya chipu ya Synertek. Usanifu wa chipu wakati ule ulifanywa kwa mkono. Ramani ya saketi ilichorwa kwenye karatasi kubwa za kutandazwa mezani, na kosa moja lililogunduliwa baada ya chipu kutoka kiwandani lilimaanisha kusubiri wiki au miezi kabla ya kupata nyingine. Mazoea ya kukagua mchoro mara mbili na mara tatu aliyapata hapo.

Atari

Katikati ya miaka ya 1970 Miner alijiunga na Atari, kampuni iliyokuwa imepata umaarufu kwa mchezo wa Pong. Atari ilitaka mashine ya kuunganishwa na televisheni ya nyumbani, yenye uwezo wa kucheza michezo mingi kwa kubadilisha katriji tu. Tatizo lilikuwa bei. Kumbukumbu ilikuwa ghali kiasi kwamba mashine ya kawaida, inayohifadhi picha yote ya skrini katika kumbukumbu kabla ya kuionyesha, isingenunulika na familia za kawaida.

Ufumbuzi wake ulikuwa chipu iliyoitwa TIA, ambayo Miner aliongoza usanifu wake akishirikiana na mhandisi kijana Joe Decuir. TIA haihifadhi picha nzima. Inajua mstari mmoja tu wa skrini: vitu viwili vya wachezaji, makombora mawili, mpira mmoja na mandhari ya nyuma. Televisheni za wakati huo zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliokwenda mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo mwandishi wa programu alilazimika kubadilisha maelezo ya mstari unaofuata kabla mwale haujaufikia, na kurudia hivyo kwa kila mstari, mara 60 kwa sekunde nchini Marekani. Mashine nzima ilikuwa na baiti 128 za kumbukumbu. Sentensi chache za makala hii zingetosha kuijaza.

Mashine hiyo, ambayo baadaye ilipewa jina la Atari 2600, ilitoka mwaka 1977 na iliuzwa takribani milioni 30 kabla ya kuondolewa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wabunifu wake waliitarajia michezo ya aina ya Pong na vita vya vifaru. Kwa kuwa TIA ilimwachia mwandishi wa programu karibu kila uamuzi, watu waligundua namna za kuitumia ambazo hata waliyoibuni hawakuziwazia. Ugumu huo ndio unaowavutia wapenzi wa leo, ambao bado wanaandika michezo mipya kwa ajili yake.

Kazi iliyofuata ilikuwa kompyuta kamili. Atari 400 na Atari 800 zilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1979. Humo Miner na timu yake waligawa kazi kwa utaratibu ulioonekana tena katika Amiga. Chipu ya ANTIC ilisoma orodha fupi ya maagizo kuhusu nini kionyeshwe katika kila sehemu ya skrini. Chipu ya CTIA, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na GTIA, iligeuza matokeo kuwa rangi. POKEY, iliyosanifiwa na Doug Neubauer, ilitoa sauti na kusoma kibodi. Prosesa ya 6502 ikabaki na nafasi ya kufanya hesabu zake. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na kompyuta ya nyumbani iliyozishinda mashine hizo kwa picha zinazotembea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Miner alitaka kutengeneza kompyuta mpya inayotumia prosesa ya Motorola 68000, iliyokuwa na nguvu kubwa kuliko 6502. Uongozi wa Atari haukukubali. Kampuni ilikuwa ikivuna fedha nyingi kutokana na mashine zilizokuwepo, na prosesa hiyo ilikuwa ghali. Miner akaondoka, akaenda kusanifu chipu za vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo. Kwa mtu aliyekuwa akisumbuliwa na figo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, teknolojia ya tiba haikuwa jambo la mbali.

Amiga

Mwaka 1982 Larry Kaplan, aliyewahi kuandika michezo ya Atari, alimpigia simu kuhusu wazo la kuanzisha kampuni mpya ya michezo. Wawekezaji, wakiwemo madaktari wa meno wa Florida, walitoa fedha. David Morse aliletwa kuongoza biashara, na Miner akawa mkuu wa uhandisi. Kampuni iliitwa Hi-Toro, kisha ikabadilishwa kuwa Amiga, neno la Kihispania lenye maana ya rafiki wa kike.

Wawekezaji walitaka mashine ya michezo. Miner alitaka kompyuta yenye 68000, ile ile aliyonyimwa Atari. Alichofanya ni kubuni mashine ya michezo ambayo ingeweza kuongezewa kibodi, disketi na kumbukumbu bila kubadilisha mpango wake wa ndani. Soko la michezo ya video lilipoanguka nchini Marekani mwaka 1983, mpango huo uliiokoa kampuni, maana mashine ya michezo tu isingepata mnunuzi.

Ili kuficha kazi halisi na kupata fedha kidogo, Amiga iliuza vifaa vya kuchezea michezo. Kimoja kilikuwa Joyboard, ubao ambao mchezaji aliuegemea kwa uzito wa mwili badala ya kushika kishikio. Waandishi wa programu wa Amiga walipochoka waliukalia wakijaribu kutotikisika kabisa, kama wanaotafakari. Mzaha huo uliingia katika kompyuta yenyewe: mashine ikikwama vibaya huonyesha kisanduku chenye maandishi mekundu, maarufu kwa jina la Guru Meditation. Wengi wanaokutana nacho leo wakitengeneza Amiga mbovu hawajui kwamba asili yake ni ubao wa kukalia.

Kompyuta yenyewe ilipewa jina la siri la Lorraine, jina la mke wa Morse. Chipu nazo zilipewa majina ya kike ili anayesikiliza simu asielewe. Agnus ilisimamia kumbukumbu na kubeba sehemu mbili muhimu: moja ya kunakili vipande vya picha kwa kasi, nyingine ya kubadilisha mipangilio katikati ya skrini kufuatana na mahali mwale ulipofika. Denise ilitoa picha. Paula ilitoa sauti katika njia nne na kusoma disketi. Anayeijua Atari 800 ataona mara moja kwamba ANTIC ni dada mkubwa wa Agnus.

Kuna sehemu moja ya Denise ambayo Miner mwenyewe alitaka kuiondoa. Alikuwa ameona mashine za kufundishia marubani, na kutokana nazo akabuni njia ya kuonyesha rangi zote 4,096 kwa wakati mmoja, kila nukta ikirekebisha rangi ya nukta iliyoitangulia. Baadaye aliona kwamba njia hiyo ni ya polepole mno kwa michezo. Ila kuitoa kungeacha tundu kubwa katikati ya mchoro wa chipu, na hakukuwa na muda wa kuchora upya. Ikaachwa. Ilikuja kuwa moja ya sifa zilizoiuza Amiga, kwa sababu hakuna kompyuta nyingine ya bei hiyo iliyoweza kuonyesha picha zinazokaribia fotografia.

Miner alifanya kazi na mbwa wake Mitchy, aliyekuwa na kibao chenye jina lake mlangoni mwa ofisi. Wenzake walisimulia kwamba alipokuwa akichora saketi humtazama mbwa huyo kana kwamba anamwomba kibali. Watu wengi katika timu walikuwa vijana. Miner alikuwa na umri wa miaka 50 kampuni ilipoanza, na walimchukulia zaidi kama mzee wa nyumba kuliko bosi.

Mnamo Januari 1984 Lorraine ilionyeshwa kwa siri kwa wageni waalikwa kwenye maonyesho ya elektroniki ya Las Vegas. Chipu zilikuwa bado hazijatengenezwa. Mahali pa kila chipu palikuwa na rundo la mbao za majaribio zenye mamia ya vijenzi na nyaya, na nyaya hizo ziling'oka kila ziliposafirishwa. Mbao hizo zilikatiwa tiketi ya ndege kwa jina la kubuni la Joe Pillow, zikafungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Usiku waandishi wa programu waliandika onyesho la mpira wenye miraba myekundu na myeupe ukidunda na kuzunguka. Wageni walichungulia chini ya meza wakitafuta kompyuta kubwa iliyofichwa.

Fedha na Commodore

Katikati ya mwaka 1984 Amiga ilikuwa karibu kufa. Atari iliikopesha dola 500,000 kwa sharti kali: fedha zisiporudishwa kufikia mwisho wa Juni, Atari ingepata haki ya kutumia chipu. Kwa maneno mengine, kazi ambayo Miner aliondokea Atari ili aifanye ingerudi Atari kwa bei ndogo sana. Fedha hizo zililipa mishahara na madeni, na hazikuwa za kurudishika.

Commodore, mshindani wa Atari, iliingia wakati huo. Morse alirudisha mkopo muda ukielekea kwisha, na mwezi Agosti Commodore ikainunua Amiga yote. Mambo yaligeuka kwa namna ambayo msimulizi wa hadithi asingeaminika. Mwanzilishi wa Commodore, Jack Tramiel, alikuwa ameondoka katika kampuni yake mwezi Januari, na mwezi Julai alinunua sehemu kubwa ya Atari. Kampuni hizo mbili zikashtakiana kuhusu Amiga, na kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1987.

Kwa Miner ununuzi huo ulikuwa nafuu na pia mwanzo wa mabishano. Alitaka mashine itoke na kilobaiti 512 za kumbukumbu, kwa kuwa mfumo wake uliendesha programu kadhaa kwa pamoja. Commodore ilitaka 256 ili kupunguza gharama. Walifikia mapatano ambayo kila mwenye Amiga 1000 anayaona hadi leo: sehemu ya mbele ya kasha inabanduka, na nyuma yake pana nafasi ya kuchomeka kilobaiti 256 za ziada. Hoja ya Miner ilionekana kuwa sahihi mara tu watu walipoanza kuitumia mashine, na Amiga 1000 isiyo na nyongeza hiyo ni adimu kwa wakusanyaji.

Uzinduzi ulifanyika tarehe 23 Julai 1985 katika Lincoln Center, New York. Msanii Andy Warhol alichora picha ya mwimbaji Debbie Harry kwa kutumia Amiga mbele ya watazamaji. Bei ilikuwa dola 1,295 bila skrini. Baada ya hapo mauzo yalisuasua. Commodore haikujua kama iitangaze kama kompyuta ya ofisi, ya wasanii au ya watoto, na ni Amiga 500 ya mwaka 1987, ya bei nafuu zaidi, iliyoingia katika nyumba nyingi, hasa Uingereza na Ujerumani.

Ofisi ya California iliyoizaa Amiga ilifungwa, na kazi ikahamia makao makuu ya Commodore huko Pennsylvania. Kabla ya hapo Miner alikuwa amesanifu kizazi kipya cha chipu kilichojulikana kama Ranger, chenye kumbukumbu ya picha ya kasi zaidi. Commodore iliona ni ghali na haikukitumia. Ilipoleta chipu mpya za hatua kubwa mwaka 1992, kompyuta nyingine zilikuwa zimeshaifikia. Miner alikosoa uamuzi huo waziwazi alipozungumza na wapenzi wa Amiga, nao walimsikiliza kuliko walivyoisikiliza kampuni.

Miaka ya mwisho

Alirudi kwenye vifaa vya moyo. Katika kampuni ya Ventritex alishiriki kusanifu chipu za kifaa kinachopandikizwa mwilini ili kuushtua moyo unapopoteza mapigo yake. Ni kazi inayohitaji saketi inayotumia umeme kidogo sana na isiyoruhusiwa kukosea, na kwa mhandisi aliyezoea kubana kila transista ilikuwa mahali pake. Nje ya kazi alilea miti midogo ya bonsai, alirusha ndege za kuigiza na kucheza dansi za kienyeji pamoja na mkewe.

Figo zake ziliendelea kudhoofika. Alitegemea mashine ya kusafisha damu, na dada yake alimtolea figo moja. Tarehe 29 Aprili 1994 Commodore ilitangaza kufilisika. Miner alifariki tarehe 20 Juni mwaka huo huo katika hospitali ya El Camino, Mountain View, kutokana na matatizo yaliyoanzia kwenye figo. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Mashine zake mikononi mwa wakusanyaji

Baada ya mwaka 1994 Amiga ilibaki bila kampuni yenye nguvu nyuma yake, na utunzaji wake uliangukia mikononi mwa wenye nazo. Kukusanya na kutengeneza kompyuta za nyumbani za zamani sasa ni shughuli ya watu wengi Ulaya, Marekani na kwingineko, na mashine za Miner zina magonjwa yake yanayofahamika.

Adui wa kwanza ni betri. Amiga 2000 ina betri ndogo ya nikeli na kadmiamu iliyolehemiwa kwenye bodi ili kuendesha saa. Betri hiyo ikizeeka huvuja kimiminika kinachokula njia za shaba na miguu ya prosesa iliyo karibu nayo. Fundi anayenunua Amiga 2000 huikata betri kabla hata ya kuwasha mashine. Mabaki huondolewa kwa siki au maji ya ndimu, kwa kuwa kimiminika hicho ni cha alkali, kisha bodi husuguliwa kwa spiriti na njia zilizoliwa huunganishwa upya kwa waya mwembamba. Katika Amiga 500 betri ipo kwenye kadi ya kumbukumbu inayochomekwa chini ya mashine, hivyo mara nyingi bodi kuu husalimika. Amiga 1000 haina betri kabisa.

Adui wa pili ni kapasita. Amiga 600, 1200 na 4000, zilizotoka mwaka 1992, zilitumia kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi ambazo huvuja zote, mashine ikiwa imetumika au haijatumika. Sauti hufifia kwanza, kisha picha. Dawa ni kuzibadilisha zote kwa pamoja. Kwa asiyezoea kulehemu vijenzi vidogo, kuvuta kwa nguvu hung'oa na njia ya shaba iliyo chini yake, na mashine huweza kuharibiwa na mtengenezaji mwenyewe.

Amiga humsaidia fundi kwa kujieleza. Inapowashwa hujikagua na kuonyesha rangi. Skrini ikipita katika kijivu mpaka nyeupe, mambo ni salama. Kijani kinaashiria hitilafu ya kumbukumbu inayotumiwa na chipu za picha, nyekundu hitilafu ya kumbukumbu ya kudumu yenye mfumo, na bluu hitilafu katika chipu maalumu zenyewe. Bluu ndiyo rangi inayoogopwa, kwa kuwa kiwanda cha Commodore kilichotengeneza Agnus, Denise na Paula hakipo tena. Zilizobaki hutolewa kwenye mashine zilizokufa kwa sababu nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa TIA ya Atari: fundi huhifadhi mashine mbovu kabatini kwa ajili ya chipu moja iliyo hai ndani yake. Katika mashine nyingi chipu hizi zimechomekwa kwenye soketi, na hilo hurahisisha kujua mgonjwa ni nani, kwani fundi huhamisha chipu kutoka mashine nzima kwenda mbovu moja moja.

Kuna suala la sura pia. Plastiki ya makasha hayo ilichanganywa na kemikali zenye bromini ili isishike moto, na kwa miaka mingi hugeuka rangi ya manjano. Wapenzi wengi huipaka haidrojeni peroksaidi na kuiweka kwenye mwanga wa urujuanimno mpaka iwe nyeupe tena. Wengine hupinga, kwa kuwa manjano hurudi baada ya muda, na plastiki iliyopakwa vibaya hubaki na mabaka ambayo hayaondoki.

Uhaba wa chipu ulizaa njia nyingine. Mwaka 2005 mhandisi Mholanzi Dennis van Weeren alianza kuunda upya chipu za Amiga ndani ya chipu ya aina ya FPGA, ambayo saketi zake hupangwa kwa programu. Mradi huo, Minimig, aliutoa kwa umma mwaka 2007 ili yeyote autumie na kuurekebisha. Ili kuufanikisha ilimbidi kuelewa tabia za Agnus, Denise na Paula mzunguko kwa mzunguko, pamoja na ile njia ya rangi 4,096 ambayo Miner alitaka kuiondoa, kwa kuwa picha na programu nyingi zinaitegemea. Baadhi ya wakusanyaji hutumia mashine kama hizo kila siku na kuziacha Amiga halisi zipumzike.

Miongoni mwa zile halisi zinazopendwa ni Amiga 1000, japo Amiga 500 ina programu nyingi na ni rahisi kuipata. Sababu iko upande wa ndani wa kifuniko chake, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hakuwa na sababu ya kuangalia na mtengenezaji hawezi kukosa kuona. Hapo zimefinyangwa katika plastiki sahihi za watu walioiunda, ya Miner ikiwa miongoni mwao, pamoja na alama ya unyayo wa Mitchy. Kwa kuwa zilitoka kiwandani pamoja na kasha lenyewe, hazifutiki kwa kuoshwa. Amiga 500 na Amiga 2000, zilizotengenezwa baada ya kazi kuhamia Pennsylvania, hazina sahihi hizo.